Refa Kati ya Wajomba na Wakwe

Miaka ile michache baada ya Uhuru, mpaka wa Busia ulikuwa gogo lililolazwa barabarani, na ng'ombe waliupita kwa kulizunguka. Mechi kati ya Masafu, kijiji cha upande wetu, na timu ya ng'ambo, upande wa Kenya, ndiyo iliyotukumbusha kwamba sisi ni nchi mbili. Refa wake hakutafutwa kwa ujuzi. Alitafutwa mtu ambaye mama yake alizaliwa upande mmoja na mke wake upande wa pili, kwa sababu mpwa hapigwi na wajomba, na mkwe hapigwi kwa wakwe. Refa wa kabla yangu hakuwa mpwa wala mkwe wa mtu. Alitolewa uwanjani amebebwa juu ya mlango wa duka uliong'olewa.

Mimi nilifaa kupita kiasi. Mama yangu alitoka ng'ambo. Mchumba wangu alikuwa wa Masafu, na ilibaki ziara moja tu ya wazee kabla sijamchukua kwangu Tororo, nilikokuwa mwalimu. Tena nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi juzi, nikiamini kwamba aliyesoma sheria za mpira mara moja anaweza kuchezesha mechi yoyote duniani. Kaptula yangu niliipiga pasi hadi ikaweza kusimama peke yake.

"Mkwe, hayo magoti uliyaficha wapi siku zote?" mzee mmoja wa Masafu aliniuliza nilipoingia uwanjani.

"Mwacheni mpwa wetu," wakajibu wa ng'ambo. "Korongo ana miguu hiyo hiyo, na anaona mbali."

Watu wakacheka. Sikusikia kicheko kingine siku ile.

Masafu walifunga goli mapema kipindi cha pili. Papo hapo nahodha wao, kaka wa mchumba wangu, akatoka nje ya uwanja, akarudi na kigoda, akakiweka kando ya mlingoti wa goli lao. Nyuma yake alikuja mama yake, amejitanda leso hadi kwenye nyusi. Akaketi.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Tulipokutana njiani, mimi niliingia kichakani na yeye aligeuza uso. Kigoda kile basi kilikuwa ukuta. Kuanzia hapo sikuweza kukaribia goli la Masafu, na mabeki wao walilijua hilo. Wakawa wanafyeka miguu ya wageni kama watu waliopewa shamba la mtama. Sheria inamruhusu refa kumwondoa mtu yeyote uwanjani. Lakini yule ningemwondoa kwa mdomo gani, nami siruhusiwi hata kumsemesha?

Wajomba waliokuwa wameketi wakasimama. Wachungaji walishusha fimbo kutoka mabegani, wakazishika mkononi. Wingu jeusi lilikuwa limetanda upande wa mwamba wa Tororo, na upepo haukuwepo kabisa.

Ndipo beki wa Masafu akaudaka mpira mbele ya goli, kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto.

"Mpwa! Umeona?"

"Mkwe! Endelea na mchezo, mkwe!"

Nikapuliza kipenga. Ningependa kusema ulikuwa ushujaa. Kilikuwa mdomoni, nami nilihitaji kupumua.

Penalti. Mistari ya uwanja ilichorwa kwa majivu, na miguu ilikuwa imeshayafuta. Katika hali hiyo refa husimama kwenye mstari wa goli, akapima kwa hatua zake mahali pa kuweka mpira. Mstari wa goli ulikuwa karibu na kigoda. Umati ulikuwa umeingia uwanjani pande zote, umeacha njia nyembamba ya kunifikisha pale tu.

Hapo elimu yangu ikanijia. Nilifikiri: kilichokatazwa ni kumkabili. Basi nitakwenda kinyumenyume.

Nikageuka, nikaanza kurudi nyuma kuelekea goli, mgongo mbele, kifua kikiwatazama watu. Niliona nyuso zao zikibadilika. Mtu mmoja aliinua mkono kama anayetaka kunizuia. Nahodha akasema taratibu, "Shemeji, simama," nami nikadhani ananichezea.

Kisigino kikagonga mguu wa kigoda. Nikaanguka, na sikuanguka chini. Niliangukia mapajani mwa mama mkwe wangu.

Hakupiga kelele. Nilisikia tu pumzi yake ikikatika, kisha akanishika mabega ili nisiporomoke, kama mama yeyote angefanya. Hakuna aliyenigusa. Hata penalti ilipopigwa na kuingia, wajomba hawakushangilia; walichukua mpira wao wakaelekea mpakani bila kuniaga.

Mimi nilipelekwa nyumbani kwa wakwe. Wazee walikaa uani jua likizama, wakanong'ona muda mrefu. Mwishowe baba mkwe akaja nilipoketi. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio ulionitisha.

"Hatukulaumu," alisema. "Lakini aliyepakatwa na mke wangu ni mwanangu. Nami siwezi kumwoza mwanangu dada yake."

Nilifungua mdomo nieleze kwamba nilikuwa nikipima penalti tu. Mlango wa jiko ukafunguka, mchumba wangu akatoka na birika la maji ya kunawa. Alipiga magoti mbele yangu, macho yameiva kwa kulia.

"Nawa, kaka," akasema.