Jina Kwenye Orodha ya Alhamisi

Watu wa Kabonga watakuambia Pontiani ni mtu wa kuchelewa. Alichelewa kuoa, alichelewa kurudi nchini Burundi, na sasa, ana miaka hamsini na minne, ndiyo kwanza anahangaikia permi ya kuendesha gari. Wacheke tu. Mtu huyu aliendesha lori la maji miaka kumi na mmoja kwenye kambi ya wakimbizi huko Kasulu, upande wa Tanzania, na hakuwahi kukwaruza hata kuku. Aliporudi na mkewe Clotilda na binti yao Ineza, kulikuwa na shamba la kudai kwa ndugu, nyumba ya kusimamisha, michikichi ya kupanda. Gari angelipata wapi? Permi ikasahaulika.

Mwaka huu kituo cha afya kikapata gari la wagonjwa. Kamati ikamwahidi Pontiani kazi ya udereva, mradi mwisho wa mwezi awe na permi mkononi. Hakuitaka kwa ajili ya mshahara peke yake. Mwaka juzi Ineza alishikwa na uchungu, akapakiwa kwenye pikipiki, na mtoto akazaliwa kando ya barabara kabla hawajafika hospitali Nyanza-Lac. Hakulia. Walimzika kesho yake, hana hata jina. Sasa Ineza alikuwa na mimba ya miezi minane, na Pontiani alijiapia kwamba safari hii atampeleka mwenyewe.

Basi kila Jumanne alikwenda Rumonge kwa Emery, mwalimu wa otoekoli, shule ya udereva, kijana mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Randevu ya mtihani ikapangwa, Alhamisi saa mbili asubuhi, na Clotilda akapiga pasi shati la kanisani. Kitu kimoja tu kilihitaji kuzoewa: Tanzania gari hupita kushoto, Burundi hupita kulia. Pontiani alisema hilo dogo, na kweli, wiki tatu nzima alikaa kulia bila kukosea.

Jumanne ya mwisho yeye na Emery walikuwa wanarudi mjini kwa barabara ya ziwani, Pontiani kwenye usukani. Kwenye kona lori likatokea ghafla, limekaa katikati ya njia. Dereva yeyote aliyejifunzia hapa angevuta kulia, ukingoni, likapita. Pontiani alivuta kushoto. Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe mahali ambapo, kwa miaka kumi na mmoja, ndipo palipokuwa na usalama. Gari likakatiza mbele ya lori, likaponea chupuchupu, likasimama ukingo wa pili hatua moja kutoka kwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani. Mama akaangukia mtaroni, ndagala zikamwagika zote.

Hakuumia, wala mtoto, Mungu ashukuriwe. Pontiani aliteremka, akaanza kuokota ndagala moja moja vumbini. Yule mama alimtazama bila hasira, na afadhali angemtukana.

“Papa,” alimwuliza, “ulikuwa unaenda wapi huku?”

Emery ndiye aliyesema yote: alimtuliza mama, akamsaidia kujaza beseni, kisha akamsihi Pontiani asimwambie mtu. Siku ya mtihani, alimwambia, mtu anazungushwa polepole kwenye kipande cha barabara tupu, atapita tu. Na hakuwa anamdanganya. Hilo ndilo lililomuuma Pontiani, kwamba angepita.

Jumatano asubuhi alivaa lile shati la kanisani, akarudi Rumonge, akaingia kwa Rachelle, mwandishi wa orodha za mtihani, na kumwomba afute jina lake. Rachelle alidhani hakusikia vizuri. Watu huja pale kubembeleza jina liingizwe au lisogezwe juu. Wa kuomba lifutwe hakuwahi kumwona. Akamweleza kwa upole kwamba akifutwa leo atakuwa nyuma ya wote, na kabla ya miezi mitano hakuna nafasi. Kisha akauliza aandike sababu gani, msiba au ugonjwa.

“Andika tu mimi siko tayari,” alisema Pontiani. Akaona haitoshi. “Barabara ikiwa tupu, najua niko Burundi. Nikiogopa, mukono unarudi Tanzania. Na ile gari, binti yangu, iko ya kubeba watu siku ya woga.”

Rachelle alitafuta jina lake kwenye orodha. “Na mutarudi lini, Papa?”

“Mimi nilirudi, iko miaka kumi na tatu sasa. Ni mukono ndio bado.”

Rachelle akapiga mstari juu ya jina. Pontiani akashukuru, murakoze, akatoka.

Kamati aliiambia mwenyewe, kisa chote, na kazi akapewa Aristide, kijana aliyejifunza kuendesha hapa hapa. Clotilda alikasirika, tusidanganyane. Alimwambia mumewe kwamba amejikata miguu kwa wembe wake mwenyewe, na siku tatu hakumsemesha ila kwa mambo ya chakula. Pontiani alilima michikichi yake na aibu yake, akikwepa njia ya kituo cha afya.

Uchungu wa Ineza ulianza Jumapili moja, watu wakitoka ibadani. Aristide alileta gari mlangoni. Clotilda alipanda nyuma na binti yake, Pontiani akakaa mbele, kiti cha abiria, mikono juu ya magoti. Karibu na Nyanza-Lac basi likatokea upande wao, likizipita baiskeli zilizobeba ndizi. Aristide alivuta kulia mpaka kwenye majani, na basi likapita. Pontiani alitazama magoti yake. Mikono yote miwili ilikuwa imeruka, imevuta kushoto.

Akaibana kwapani. Clotilda alikuwa ameiona. Alinyoosha tu mkono kutoka nyuma, akamshika bega.

“Murakoze, mutoto wangu,” Pontiani alimwambia Aristide. Aristide akamjibu asishukuru bado, hawajafika.

Walifika. Mtoto alizaliwa alasiri, kitandani, na huyu alilia.