Toka Niingie

Baada ya serikali za kaunti kuja, wafugaji wa upande wetu wa Isiolo waliunda chama, wakakodi chumba karibu na soko la mifugo, na mimi, kidato cha nne na alama za kuficha, nikapewa kiti. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye seva alama na chanjo za mifugo, kisha kumchapia mwenye mbuzi karatasi ya kuonyesha njiani akienda kuuza. Hiyo seva ilikuwa kompyuta kuukuu ya Linux, tumeiweka juu ya matofali ili maji ya mvua yasiifikie. Niliipenda jamani. Asubuhi nilikuwa naipangusa kwa leso yangu mwenyewe.

Ndoto yangu ilikuwa Korbesa, kijiji cha mbali ambako mjomba wangu ana duka. Mjomba alikuwa anatoka huko juu ya lori, anafika na vumbi hadi kwenye nyusi, kwa sababu ya karatasi moja tu. Nikawaza: kama ningeweza kuishika seva nikiwa hukohuko dukani kwake, si wazee wangepumzika?

Aliyejua mambo hayo ni fundi kijana ambaye chama kilimleta kutoka Nairobi atutengenezee mtandao. Hakuwa na pa kulala, nikampeleka kwetu. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama nyumbani, akammiminia maziwa ya ngamia kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Mgeni kwanza, mimi baadaye.

"Hooyo, nikirudi Nairobi nitayaota haya maziwa," fundi akasema.

"Muongo huyu," hooyo akacheka. "Umekunja uso kama mtoto anayepewa dawa." Kisha akanigeukia. "Huyu sasa ni wangu. Ukimgombeza, umenigombeza mimi."

Tulifanya kazi bega kwa bega. Yeye anatamka amri, mimi naziandika kwenye lile dirisha jeusi. Tukaweka programu ya xrdp, ile inayomwezesha mtu kuiona skrini akiwa mbali. Tukaiagiza iamke kila mashine ikiwashwa, na fundi akatengeneza njia iliyofungwa kutoka kwenye laptop yake hadi kwetu, ili watu wa mtandaoni wasituchungulie. Akajaribu kuingia kwa jina langu. Skrini yake ikawa nyeusi tii.

"Imekufa?" nikauliza, roho mkononi.

"Haijafa. Wewe bado uko ndani, na hii haikubali jina moja likae mara mbili. Toka, niingie."

Nikatoka. Mara, ile picha yangu ya ngamia ikatokea kwenye laptop yake! Nilipiga makofi peke yangu.

"Basi nikufungulie jina lako," nikamwambia. "Ni amri moja tu."

"Ya nini, buda? Mimi na wewe si ni kitu kimoja?"

Maneno hayo yaliniingia hadi nikaenda kumsimulia hooyo.

Akarudi Nairobi, simu zikaanza. "Toka niingie, kuna kitu narekebisha." Natoka. Kabla sijakaa vizuri, tena: "Toka niingie." Nikawa nabeba kikombe changu cha chai hadi barazani, nakaa na wenye mbuzi, nawatafsiria, namtajia fundi alama kwa simu naye anaziingiza kutoka huko aliko.

"Umefukuzwa tena?" wazee wananitania.

"Ndugu yangu yuko ndani," nawajibu, na nilikuwa najivuna.

Siku moja ya soko, mwenyekiti wa chama akanikuta pale pale barazani, kikombe mkononi.

"Salaam aleikum, mwenyekiti."

"Aleikum salaam. Kumbe ni kweli."

"Nini ni kweli?"

"Kwamba kazi yako ni chai. Fundi anaiona mashine kutoka Nairobi. Anasema wewe hauko ndani kila siku, kazi yote anafanya yeye. Basi tumempa yeye."

"Lakini natoka kwa sababu yeye anaingia!"

Mwenyekiti akaniangalia kama mtoto anayemsingizia paka. "Kompyuta itamkataaje mtu aliyeajiriwa kuitumia?"

Nikakimbia ndani, nikaandika neno langu la siri. Likakataliwa. Nikaandika polepole, kidole kimoja kimoja. Likakataliwa. Nikampigia.

"Umebadilisha neno langu la siri?"

"Usichukulie vibaya, buda. Chama kinaweza kulipa mmoja tu."

"Umelala kwetu. Umekunywa maziwa ya mama yangu."

"Msalimie hooyo," akasema.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye waya wa umeme. Kuvuta tu, na yeye angebaki na skrini yake nyeusi huko Nairobi. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja wa Leparua. Mbuzi wake walikuwa nje wamefungwa, na lori la mnunuzi lilikuwa linanguruma.

"Mwanangu, karatasi yangu je? Huyu wa lori ananiacha."

Nikaachia waya. Simu bado ilikuwa wazi. "Kuna mama wa Leparua," nikamwambia fundi. "Mbuzi sita, sikio la kushoto limekatwa mara mbili. Chanjo wamepata. Mchapie."

Printa ikaamka yenyewe, ikatoa karatasi. Nikampa mama kwa mikono miwili.

"Mungu akuzidishie," akasema. "Mkono wako ni mwepesi."

Sikumwambia si wangu. Nikachukua leso yangu juu ya seva, nikaenda nyumbani.

Hooyo alikuwa anafukiza vibuyu. "Fundi wetu hajapiga simu leo?"

"Amepiga," nikasema. "Anakusalimia."