Siku Modesta Aliponyamaza

Enzi zetu kule Ngara, ukisikia kelele uwanjani wakati wa mapumziko, huna haja ya kuuliza ni nani. Ni Modesta! Alicheza rede kama upepo, akikwepa mpira wa matambara huku akijaza mchanga kwenye chupa, na kila alipokwepa alipaza sauti: "Mmemwona Modesta? Tazameni tena!" Mama yake alimsikia mpaka migombani. "Nilimpa jina la mtakatifu," alilalamika, "yeye kaligeuza kengele."

Siku moja, tukiwa darasa la sita, mwalimu wa Kiingereza akaandika ubaoni: modest. Akatueleza kuwa ni mtu wa kiasi, asiyejisifu. Nguo ya staha nayo huitwa hivyo, hata nyumba isiyo na makuu. "Na jina Modesta limetoka hapo," akamalizia.

Weee! Tulicheka mpaka madawati yakatikisika. Kihangaza, tulichokatazwa kusema shuleni, kikatutoka chenyewe.

Modesta hakucheka. Mchana ule tulishindana na wasichana wa darasa la saba, ambao hatukuwahi kuwashinda hata mara moja. Akaingia katikati kimya, macho chini, mikono kifuani kama anayetoka kukomunika kanisani.

"Una nini?" nikamnong'oneza.

"Nakuwa mtu wa kiasi."

Mpira ukampata mgongoni, pwaa! Akatoka. Nasi tukafuata mmoja mmoja. Bila kelele zake miguu yetu ilikuwa mizito kama magunia ya mihogo. Kabla ya raundi ya pili tukamzunguka, karibu tupige magoti.

"Modesta, tafadhali, jisifu!"

"Na jina langu je?"

"Jina utalitumia Jumapili!"

Akatutazama, midomo ikaanza kumcheza. Raundi ilipoanza, akaingia katikati na kulipuka: "Mmemwona Modesta?" Mrushaji wa darasa la saba akashtuka, mpira ukaruka hadi juu ya bati la ofisi ya walimu! Kabla haujashushwa, Modesta alikuwa ameshajaza chupa. Tulishinda. Mwalimu wa Kiingereza mwenyewe alikuwa dirishani, akifuta machozi ya kicheko.

Vijana wa leo hujisifu kimyakimya, kidole kwenye simu, wakipiga picha hata sahani ya wali, kisha wanakaa wakingoja sifa za watu wasiowajua huku wali ukipoa. Majivuno yao yanafika mbali, sikatai. Yetu yaliishia pale pale uwanjani, nasi tukarudi nyumbani tumeshikana mikono, sauti zimetukauka, tukicheka njia nzima.