Kazi ya Mikono Minne

Mashua yetu ilikuwa ndogo, ya faiba. Tuliinunua mimi na jirani yangu, fundi wa mashine katika karakana moja nami, na baada ya misa ya Jumapili tulikwenda kuvua katika ziwa la Nzilo, yeye mbele, mimi nyuma kwenye injini. Mwaka mmoja mbao ya ukuta wa nyuma, ule unaobeba injini, ilioza. Niliichoma kwa bisibisi. Bisibisi ikazama mpaka mpini, maji meusi yakatoka.

Tulikata faiba ya ndani, tukakwangua uozo, tukapima triplex mpya, mbao ya tabaka. Kabla hatujaigandisha kwa rezini, watu walifika kwake wakamwambia arudi kwao Kasai, kama walivyofukuzwa Wakasai wote mjini. Yeye alizaliwa Kolwezi. Aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini ni babu yake. Akahamia stesheni na mke wake na mafurushi, kungoja treni pamoja na wengine. Kabla ya kuondoka alipita uani kwangu.

“Tata, rezini ikikauka, ukuye kunitafuta ku gare. Kufunga bulon za injini ni kazi ya mikono ine, na weye uko na mbili tu.”

Nilimwahidi.

Nilipaka rezini siku ileile. Kopo lilisema siku moja penye joto. Ilikuwa majira ya baridi, kwa hiyo nilihesabu siku nne. Siku ya pili niligonga kwa ukucha: ngumu kabisa. Hata hivyo nilingoja. Mtaani walikuwa wanaangalia nani anapeleka chakula stesheni. Nilijiambia ninangoja rezini tu.

Siku ya tano nilikwenda na mikate. Mahali pake palikuwa na mafiga matatu na familia nyingine. Mama mmoja akaniambia treni imeondoka jana, kisha akanitazama vizuri.

“Ni weye tata wa bato? Kila siku alisema utakuya.”

Nikamwambia ndiyo, ni mimi wa mashua, nikamwachia mikate.

Nyumbani nilipitisha bulon ya kwanza, yaani bolti, kwenye injini na ukuta. Kichwa kiko nje, nati iko ndani. Nilipokaza nati, bolti nzima ilizunguka, na mikono yangu haikufika pande zote mbili. Mwishowe nilishika kichwa kwa spana na kuegemeza mpini wake kwenye tofali. Kwa kila bolti nilitoka, nikasogeza tofali, nikarudi ndani. Zote nne zilikazika.

Ukuta ule haujavuja. Lakini Nzilo nilikwenda mara moja tu. Nilipoongeza mwendo, pua ya mashua iliinuka juu, kwa kuwa mbele hapakuwa na mtu.