Mteremko wa Bobi

Wasomi wetu wanabishana mpaka leo kwa nini ule mteremko wa barabara ya Ekerenyo unaitwa Bobi. Mmoja atakuapia kwamba Bobi alikuwa injinia Mzungu aliyepima barabara. Mwingine anasema padri. Wabishane tu! Mama yangu alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyelitaka: Bobi alikuwa mbwa.

Miaka ya thelathini wanaume walipelekwa kwa lazima kuchimba barabara, baba yangu akiwemo. Udongo ulikuwa umelowa, ukingo ukaporomoka, ukamfukia yeye pamoja na mbwa wa msimamizi. Baba alibebwa kwa blanketi, akazikwa nyumbani, upande wa kulia wa nyumba kama ilivyo desturi kwa wanaume. Mbwa alizikwa palepale, akawekewa jiwe lenye jina. Mbwa, jamani! Wapita njia waliojua kusoma wakalisoma jiwe, na mahali pakapata jina.

Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, ndipo jina hilo liendelee kuishi. Mama alikuwa na mimi tu, msichana, na kwa kuwa alikataa kurithiwa na ndugu za baba, hakuzaa tena. Wanangu walichukua majina ya ukoo wa mume wangu; ningesema nini? Kwa Mama ukabaki mteremko tu wa kulibeba jina lile. Akiulizwa njia sokoni, alipaita kwa jina la baba. Watu wakamkodolea macho, wengine wakacheka waziwazi.

"Mama, achana nao," nilimwambia.

"Nikiachana nao, yeye atakuwa wapi?"

Alifariki miaka ya hamsini, wakati wa kuvuna wimbi. Nilikwenda Nyakoe kuwaita waimbaji wa kanisa waje kumzika. Mzee wa kanisa akauliza wapinde wapi kutoka barabarani. Nikalitaja jina la baba. Hakupajua. Nikarudia, kwa hasira sasa. Waimbaji walikuwa wamesimama na vitabu vyao vya nyimbo, wananisubiri.

"Dada, tutapotea," akasema kwa upole.

Nikamwambia: Bobi.

"Aa, Bobi! Si ungesema tangu mwanzo?"

Wote walipajua. Walifika mapema, wakaimba vizuri sana, tukamzika Mama upande wa kushoto. Tangu siku ile sijamsikia mtu mwingine akilitamka jina la baba.