Besi ya Fanueli

Mwalimu Fanueli wa kwaya ya Ibaba hakuwa mtu wa kufundishwa kompyuta. Kila wimbo aliotunga aliuchapa mwenyewe, noti juu, maneno chini, d na m na s akizisukuma kwa kitufe cha nafasi mpaka kila moja ikae juu ya silabi yake. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa watu wawili tu, alto ya mkewe Enesi na besi yake mwenyewe. Waliuimba jikoni mwezi mzima, kisha Fanueli akafariki. Kompyuta nayo ikafa wiki ile ile, kana kwamba walikuwa wamepatana.

Mwaka ukapita. Jumamosi ilikuwa siku ya kuweka msalaba kaburini, na Enesi alitaka wimbo ule uimbwe pale. Akaifunga flashi ya mumewe, yenye nyimbo zake, kwenye pindo la kanga, akashuka mpaka Tunduma, kwenye steshenari ya Irene.

Faili likafunguka. Moyo wa Enesi ukaruka, halafu ukatua vibaya. Maneno yalikuwepo, ila noti zilikuwa zimehama, nyingine zimerundikana mwanzoni mwa mstari, nyingine zimeangukia mstari wa chini.

"Hakuna kilichopotea, mama," Irene alisema. "Ila programu hii ni mpya, na fonti aliyotumia mzee haimo. Imeweka nyingine, pana kidogo, ndiyo maana nafasi zake hazilingani tena." Akaitafuta mtandaoni, akaitafuta kwenye sidii zake za zamani. Hola. "Basi niimbie, nizirudishe moja moja."

Enesi akaimba, kiganja kikienda sikioni chenyewe. Irene akasogeza noti, na alto ikakaa.

"Sasa ya mzee."

Enesi akakishusha kiganja. Fanueli ndiye aliyemfundisha kuziba sikio, maana Enesi alikuwa mwepesi kuvutwa na besi. Naye, mke mtiifu, aliziba kwelikweli. Mwezi mzima mumewe alimwimbia karibu vile, naye hakushika hata mstari mmoja.

"Sikuisikiliza, mwanangu," alisema, machozi yakamtoka. Alitamani jioni moja tu ya jikoni, mikono ikiwa magotini.

"Tuifute, mama?"

"Iache hivyo hivyo."

Jumamosi, kaburini, Enesi aliimba alto peke yake. Kila palipokuwa pa besi kujibu alinyamaza, akasubiri, masikio yote mawili yakiwa wazi.