Pumzi Niliyoizuia Chini ya Lufira

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kujifundisha kuzuia pumzi vizuri mno. Sikuwa na mwalimu. Nilijifunzia katika beseni la kufulia, nyumbani kwetu Kikula, mtaa wa Likasi, uso ndani ya maji, na kila kipovu kilichoniponyoka nilikiona aibu. Nilipofika ziwani nilikuwa tayari mtu asiyetoa hata kipovu kimoja mpaka kichwa kitoke nje. Nilijivunia jambo hilo, nalo ndilo lililotaka kuniua. Ninawaandikia ninyi mnaoingia majini, na ninyi mliolala kitandani sasa mkiogopa usiku utakavyokuwa. Niliogopa kama ninyi, pengine zaidi, na bado ninapumua.

Kabla ya hayo nilikuwa mzima. Nilikuwa fundi mdogo kwenye karakana ya kiwanda, kazi ya kuchonga vyuma. Kipande ambacho wenzangu walikiona kimekwisha, mimi nilikipiga tupa tena, kisha nililala nikikiwaza. Jumapili, baada ya misa, nilikwenda na kaka yangu mkubwa, yaya Mwamba, kwenye ziwa la mto Lufira, juu ya bwawa la Mwadingusha. Wavuvi wa huko walilalamika kwamba kuna mahali nyavu zao hunasa na kuchanika. Walisema ni miti iliyofunikwa na maji bwawa lilipojengwa. Mimi nilifunga kipande cha chuma kwenye kamba, nikawa nakiburuta nyuma ya mtumbwi wiki baada ya wiki. Kwenye miti kilikwama kimya. Siku moja kiligonga, na mlio ukapanda kwenye kamba hadi mkononi mwangu. Chuma juu ya chuma.

Ilikuwa mashua ya mvuke, ya zamani, imelala ubavu kwenye matope. Hakuna mvuvi aliyekumbuka ilizama lini. Tangu siku hiyo sikuwa na usingizi. Nilitaka kuichora yote, kila bamba na kila ribiti, kabla vita havijafika mpaka huko. Ilikuwa wakati ule Katanga imejitenga, barabara zina vizuizi, na kila mtu anauliza kesho nani atakuwa na bunduki.

Pumzi ya kifua haikutosha kuchora. Nikatengeneza kofia ya kuzamia kutoka kwa tangi la maji ya moto. Mbele niliiwekea kioo, mabegani vipande vya madini ya risasi, na juu bomba la mpira la kuleta hewa. Yaya Mwamba alikaa juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, akisukuma pampu ya kujazia magurudumu ya lori. Kofia ilikuwa wazi upande wa chini; hewa ndiyo iliyozuia maji yasinifike mdomoni.

"Minye njo mapafu yako sasa," alisema akicheka, yaani yeye ndiye mapafu yangu. "Ukinikasirisha, naenda kula."

Nilishuka mara kadhaa na yote yalikwenda sawa, kwa sababu kila mara yaya alinivuta polepole nikiwa na kofia yangu kichwani, ninapumua kama kawaida. Sikujua kwamba hilo ndilo lililonilinda.

Mchoro wangu ulikosa sehemu ya nyuma tu. Mtu mwingine angeuacha. Mimi nilirudi.

Chini maji yalikuwa na rangi ya chai. Nilishika ukingo wa mashua nikasogea, nikiona umbali wa mkono mmoja tu. Niliogopa, sana. Lakini sikuwa nimemwambia yaya kamwe kwamba naogopa; alidhani mdogo wake ni jasiri. Nilikuwa nimefika kwenye bamba la chuma la usukani niliposikia kamba niliyofungwa kiunoni inanivuta kwa nguvu, tena na tena. Hiyo ilikuwa alama yetu ya hatari. Kisha hewa ikaacha kuja.

Maji yalipanda ndani ya kofia, yakafika kidevuni. Nikavuta pumzi kubwa kuliko zote nilizowahi kuvuta, hewa ile nzito ya chini, nikaivua kofia nikapanda. Nilifunga mdomo kama nilivyojifunza kwenye beseni. Kifua kilianza kujaa chenyewe, kama mtu anayepuliziwa na mwingine. Nilidhani ni woga. Nikakaza zaidi. Karibu na juu kitu kilipasuka ndani yangu, nyuma ya mfupa wa kifua, bila mlio.

Nilipotokea nilitema povu la rangi ya waridi. Kwenye ufuko palikuwa na lori la majandarme, askari wa Katanga, na mmoja wao alikuwa amepiga risasi hewani kutuita. Ndiyo maana yaya aliacha pampu. Alinivuta hadi nchi kavu.

"Munatafuta nini mu maji? Munaficha bunduki?" aliuliza mkubwa wao.

"Apana, shefu. Mashua ya zamani. Uyu mutoto iko naichora."

"Anaichora!" Akawageukia wenzake. "Uku juu bantu banakufa, na beye banatafuta mashua ya kufa uku chini."

Walicheka. Nilitaka kujibu, sauti ikatoka nyembamba ya puani, si yangu. Shingo yangu ilikuwa inavimba. Mkubwa yule akainama. "Na mu shingo, ulificha nini?" Akabonyeza kwa kidole. Ngozi yangu ililia chini ya kidole chake kama mtu anayekanyaga chumvi ya mawe. Akaruka nyuma, akajifanyia ishara ya msalaba.

"Pakia ye," alisema, hacheki tena. "Pakia ye mbio!"

Walinibeba kwenye lori lao, wakapita Koni na vizuizi vyote bila kusimamishwa, hadi Likasi. Njiani kila shimo la barabara lilinichoma kisu. Sikuweza kulala chali. Nilikaa nimeinama, ninavuta hewa kwa vipande, na nilikuwa ninawaza jambo moja: nikisema ukweli, karakana itajua nilichukua tangi na pampu yao bila ruhusa, na kila mtu atajua kwamba kifaa changu kilishindwa. Nikamshika yaya mkono. "Sema nilianguka na kinga." Kinga ndiyo baiskeli yetu.

"Weye uko mugonjwa wa kichwa pia?" alinong'ona. Lakini aliniapia.

Hospitalini daktari aliyebaki alikuwa mmoja, mzungu mzee, na mashine ya picha haikuwaka kwa sababu umeme ulikatika ovyo. Mamere mmoja, mtawa muuguzi, alitafsiri maneno yetu. Daktari aliuliza nilianguka ubavu gani. Maumivu yalikuwa katikati, ikanibidi nichague. Nikachagua wa kushoto. Alisikiliza kushoto, akasema ubavu umevunjika na kutoboa pafu kidogo, litapona lenyewe. Akanifunga bandeji ya kubana.

Asubuhi iliyofuata kucha zangu zilikuwa za buluu. Uvimbe ulikuwa umepanda hadi mashavuni, jicho moja halikufunguka. Kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, na nilianza kuzisubiri moja moja, sina hakika kama inayofuata itakuja. Jasho lilikuwa baridi. Nilijikojolea, nikaona haya hata hapo.

Mama alikuja kutoka Kikula. Aliniangalia uso, kisha akamwangalia yaya, ambaye alitazama chini.

"Kinga iko wapi?" aliuliza mama. "Niliiacha nyumbani, haina hata mukwaruzo."

Mama akakaa karibu na sikio langu. "Mwanangu, minye sijue ulifanya nini. Ukikufa na haya yako, njo nitaizika na weye? Sema. Utapigwa kisha, ukiwa muzima."

Nilikuwa na pumzi ya maneno machache tu. Nilisema, "Mama, sikuanguka. Naogopa." Kisha nikasema: maji, kofia, pumzi niliyofungia.

Mamere alikimbia. Daktari alirudi akiwa bado anatafuna, akakata bandeji kwa mkasi, akaweka sikio lake kwanza upande wa kulia, ambao hakuna aliyeusikiliza vizuri kwa sababu yangu. Alisikiliza kwa muda mrefu. "Hakuna kitu," alisema, na mamere akatafsiri kwa sauti ya chini. Pafu la kulia lilikuwa limesinyaa, na hewa iliyovuja ilikuwa inalisukuma pamoja na moyo.

Hawakungoja. Sindano ndefu iliingia kati ya mbavu zangu, chini ya mtulinga. Niliisikia hewa ikitoka, kama gurudumu linalotolewa upepo. Kisha nikavuta pumzi, ikaingia hadi chini kabisa. Nililia kama mtoto. Baadaye walinitia mpira kwenye ubavu, mwisho wake ndani ya chupa ya maji sakafuni, na kwa siku nyingi nililala nikitazama vipovu vyangu vikitoka humo mpaka vikakoma.

Daktari alinieleza: hewa unayoivuta chini hukua unapopanda, ukiifungia inatafuta njia yake yenyewe. Kwa hiyo ninyi mnaovuta hewa ya pampu, mkipanda, toeni pumzi njia nzima, mpaka juu. Na mkifika hospitalini, semeni mlichofanya, hata kama ni upumbavu.

Namshukuru Mungu, na mama, na mamere, na jandarme yule ambaye sijui jina lake wala kama yuko hai. Karakana walinikata mshahara, hawakunifukuza. Mchoro haujakwisha, na bado unaniuma. Nikipanda ngazi, upande wa kulia unanivuta kidogo.

Yaya aliponiuliza juzi kama nitashuka tena, nilimjibu kwamba naogopa. Zamani nisingesema. Sasa nikiogopa, nasema.